Jean-Henri Fabre: Mwalimu fukara aliyefunua siri za viwavi na nyigu

MCHANA wa Januari 30, 1896, kundi la viwavi lilipanda chungu kikubwa cha udongo kilichopandwa mtende, ndani ya kibanda cha kukuzia mimea kwenye nyumba moja ya kijijini kusini mwa Ufaransa. Walipofika juu, walianza kutembea kwenye ukingo wa chungu hicho kwa mstari mmoja, kichwa cha kila mmoja kikigusa mkia wa aliyemtangulia.

Mzee wa miaka 72 aliyekuwa akiwatazama alisubiri mpaka mstari huo ukafungana na kuwa duara. Hapo akawafagia waliokuwa bado wanapanda, kisha akaifuta njia ya nyuzi za hariri waliyoijia. Tangu wakati huo msafara ule haukuwa tena na wa kwanza wala wa mwisho.

Viwavi hao walizunguka kwa siku saba. Usiku baridi ilipozidi walisimama, na jua lilipowapasha moto waliendelea. Majani ya msonobari, ambayo ndiyo chakula chao, yalikuwa karibu, lakini hakuna aliyethubutu kuiacha njia ya mwenzake. Mzee yule alihesabu saa 84 za mwendo, mizunguko 335 na zaidi ya meta 450 zilizotembewa bila kufika popote, hadi uchovu ulipouvunja msafara na baadhi yao wakapotoka na kushuka kwa bahati tu.

Mzee huyo alikuwa Jean-Henri Fabre, mtafiti wa wadudu ambaye jina lake lilikuja kujulikana duniani kote. Alichokifanya siku ile ndicho alichokifanya kwa zaidi ya nusu karne. Alipoona jambo hakuridhika na kuliona tu, bali alilitungia jaribio, kisha akakaa kulihesabu hadi mwisho.

Alifanya hivyo bila maabara ya chuo kikuu na bila mshahara wa utafiti. Sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa mwalimu mwenye kipato duni na familia kubwa, na penzi lake kwa viumbe wadogo wasiothaminiwa na watu lilimgharimu mengi.

Fabre alizaliwa Desemba 1823 katika kijiji cha Saint-Léons, kwenye nyanda za juu za eneo la Aveyron. Wazazi wake walikuwa maskini kiasi kwamba walilazimika kumpeleka kwa babu na bibi yake, wakulima wa kijiji cha Malaval, ili wapunguze mdomo mmoja wa kulisha. Huko ndiko mtoto huyo alikoanza kuchungulia vichakani kutafuta panzi waliokuwa wakilia usiku.

Mwaka 1833 familia ilihamia mji wa Rodez, ambako wazazi wake walijaribu kuendesha mkahawa. Biashara hiyo haikufanikiwa, na familia ikahama kutoka mji hadi mji kutafuta riziki. Ulifika wakati kijana Fabre alibaki kujitegemea mwenyewe, akifanya vibarua na kuuza malimau kwenye maonyesho ya biashara.

Kilichomwokoa ni mtihani. Mwaka 1840 alishindania nafasi ya ufadhili katika chuo cha ualimu cha Avignon na kuipata. Miaka miwili baadaye, akiwa bado hajatimiza miaka 19, aliajiriwa kuwa mwalimu mjini Carpentras kwa mshahara wa faranga 700 kwa mwaka, kiasi ambacho kilitosha kwa shida kumlisha mtu mmoja.

Katika shule hiyo ndipo wadudu walipomwita rasmi. Fabre alikuwa na desturi ya kuwatoa wanafunzi wake darasani na kwenda nao porini kuwafundisha upimaji wa ardhi. Siku moja aligundua kwamba wanafunzi hao walikuwa wakiinama kila mara kuchokoa mawe, kisha wakinyonya kitu kwa vijiti vya majani makavu.

Kumbe walikuwa wakinyonya asali ya nyuki wapweke, wanaojenga viota vyao kwa udongo mgumu juu ya mawe. Mwalimu wao naye alionja, kisha akataka kumjua nyuki huyo kwa jina na tabia. Alinunua kitabu kikubwa cha elimu ya wadudu kilichomla mshahara wa mwezi mzima, na kitabu hicho akakisoma mpaka akakaribia kukihifadhi kichwani.

Hata hivyo, wakati huo hakuwa na mpango wa kuishi kwa ajili ya wadudu. Akijisomea mwenyewe usiku baada ya kazi, alipata shahada ya hisabati na baadaye ya fizikia, zote kutoka Montpellier. Mwaka 1844 alikuwa ameoa, na elimu hiyo ilikuwa tumaini lake la kupata mshahara wa kutunza nyumba.

Mwaka 1849 alipelekwa kufundisha fizikia mjini Ajaccio, katika kisiwa cha Corsica. Bahari, milima na mimea ya kisiwa hicho vilimteka. Huko alifahamiana na mtaalamu wa mimea, Moquin-Tandon, ambaye siku moja alimpasulia konokono ndani ya sahani ya maji kwa kutumia mkasi na sindano za kushonea, akamwonyesha kila kiungo cha ndani. Mtaalamu huyo alimshauri aiache hisabati na kuwafuata viumbe hai, kwani huko ndiko kipaji chake kilikokuwa.

Homa za malaria zilimfanya Fabre arejee bara mwaka 1853, akapangiwa kufundisha mjini Avignon. Mwaka 1854 alipata shahada ya sayansi ya viumbe, na mwaka uliofuata akapata udaktari wa sayansi mjini Paris. Lakini tukio kubwa zaidi la kipindi hicho lilitokea usiku mmoja wa baridi, karibu na jiko la nyumbani kwake, alipokuwa akisoma makala ya mtafiti mashuhuri wa wadudu, Léon Dufour.

Dufour alikuwa ameandika kuhusu nyigu anayewinda mbawakawa na kuwafukia ardhini wawe chakula cha watoto wake. Alishangazwa na kwamba mbawakawa hao hawakuoza hata baada ya siku nyingi. Alihitimisha kwamba sumu ya nyigu ilikuwa na dawa ya kuhifadhi maiti.

Fabre aliifurahia makala hiyo, lakini hakuikubali kabla ya kwenda kutazama mwenyewe. Alimtafuta nyigu wa jamii hiyo anayewinda fukusi, akakaa juani kwenye kingo za udongo, akawanyang'anya nyigu mawindo yao. Aligundua kwamba mawindo hayo hayakuwa maiti. Yalikuwa hai, ila yamepooza.

Nyigu hakuwa na dawa ya kuhifadhia maiti. Alichokuwa nacho ni mwiba aliouchoma mahali palepale penye fundo la mishipa ya fahamu inayoendesha miguu. Ili kuthibitisha, Fabre alitia tone dogo la amonia mahali hapohapo kwenye miili ya mbawakawa wengine, nao wakapooza vilevile. Kwa njia hiyo mtoto wa nyigu hupata nyama mbichi ambayo haiozi wala haikimbii.

Utafiti huo aliuchapisha mwaka 1855, na mwaka uliofuata Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kikamtunuku tuzo. Charles Darwin alimtaja katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu chanzo cha spishi. Mwalimu wa shule ya mkoani alikuwa amemsahihisha bingwa wa taifa, kwa silaha ya macho na subira.

Macho hayo yalikuwa na bei yake mbele ya majirani. Alfajiri moja, wanawake watatu waliokuwa wakienda kuchuma zabibu walimkuta Fabre ameketi juu ya jiwe kwenye bonde, akitazama chini. Walimsalimu wakapita. Walipokuwa wakirejea jioni walimkuta palepale juu ya jiwe lilelile, akitazama palepale. Wanawake hao walimhurumia kama mtu aliyepungukiwa akili, na wote watatu wakafanya ishara ya msalaba.

Mgambo wa mashamba naye alimtilia shaka mara kwa mara. Hakuamini kwamba mtu mzima mwenye akili timamu angeweza kushinda juani kwa ajili ya nzi na nyigu, na alidhani nyuma ya kisingizio hicho palikuwa na wizi wa mazao.

Katika majaribio yake ya porini, moja lilimfikirisha sana. Nyigu fulani anayewinda nyenje huiacha windo mlangoni mwa shimo lake, huingia ndani kukagua, kisha hutoka na kuivuta. Nyigu alipokuwa ndani, Fabre aliisogeza windo hiyo mbali kidogo. Nyigu alitoka, akaitafuta, akairudisha mlangoni, halafu akaingia tena kukagua shimo ambalo alikuwa amekwisha kulikagua.

Fabre alirudia mchezo huo mara 40, na mara zote 40 nyigu alifanya vilevile. Lakini mtafiti huyo aliandika pia jambo ambalo halikumsaidia katika hoja yake. Kwenye kundi jingine la nyigu wa aina hiyohiyo, mmoja aligutuka baada ya mara mbili au tatu, akaivuta windo moja kwa moja ndani. Fabre hakulificha hilo, na uaminifu huo ndio unaofanya kumbukumbu zake ziendelee kuwa na thamani.

Mwaka 1865 alipata mgeni asiyemtarajia. Ugonjwa ulikuwa ukiwaangamiza viwavi wa hariri, na maelfu ya familia za kusini mwa Ufaransa zilikuwa zikifilisika. Serikali ilikuwa imemtuma mkemia Louis Pasteur kutafuta dawa, naye alifika Avignon kuonana na Fabre.

Pasteur aliomba aonyeshwe kifukofuko cha kiwavi wa hariri. Alikichukua, akakitikisa sikioni na kushangaa kwamba kulikuwa na kitu ndani. Mtu aliyetumwa kuwaokoa viwavi hakujua kwamba kiwavi hujifungia humo ili ageuke nondo.

Fabre alishangaa, lakini hakumdharau. Alijifunza kutoka kwake kwamba mtu anaweza kuingia katika jambo bila mzigo wa mawazo ya wengine, mradi yuko tayari kuchunguza. Pasteur hatimaye alipata njia ya kutenga mayai yenye ugonjwa kwa kuwakagua nondo waliotaga, na sekta ya hariri ikapumua.

Ziara hiyo ilikuwa na upande wake wa uchungu. Pasteur, aliyekuwa pia akichunguza namna ya kuhifadhi mvinyo, alimwomba mwenyeji wake amwonyeshe ghala lake la mvinyo. Mwalimu huyo hakuwa na ghala. Alimwonyesha chupa moja kubwa iliyowekwa juu ya kiti kilichochakaa kwenye pembe ya jiko, akaona aibu ya umaskini wake.

Ili kuuepuka umaskini huo, Fabre alikuwa ametumia miaka mingi katika utafiti mwingine kabisa. Mashamba ya eneo la Avignon yalilima mmea ambao mizizi yake hutoa rangi nyekundu ya kutia nguo. Fabre alibuni njia bora ya kuisafisha rangi hiyo, na alikuwa na matumaini kwamba mapato yake yangemwezesha kuacha kazi na kuishi na wadudu wake.

Lakini ng'ombe wa maskini hazai. Mwaka 1868 wanakemia wawili wa Kijerumani, Graebe na Liebermann, walifanikiwa kutengeneza rangi hiyohiyo maabara bila kuhitaji mmea. Biashara ya mizizi ikaporomoka, na matumaini ya Fabre yakaporomoka pamoja nayo.

Mwaka huohuo alipata heshima ambayo haikumpa mkate. Waziri wa Elimu, Victor Duruy, aliyekuwa ameiona kazi yake, alimwita Paris na kumvisha nishani ya taifa, kisha akampeleka mbele ya Mfalme Napoleon III. Fabre hakupendezwa na mambo ya ikulu, akaharakisha kurudi nyumbani.

Duruy alikuwa ameanzisha masomo ya jioni kwa watu wazima, yakiwamo ya wasichana, ambao hadi wakati huo walikuwa wamefungiwa mlango wa sayansi. Fabre alikubali kufundisha mjini Avignon. Katika mojawapo ya masomo hayo aliwaeleza wasichana jinsi maua yanavyochavushwa.

Somo hilo liliwaudhi watu wenye msimamo mkali wa dini, waliosema mwalimu anawaharibu mabinti. Wanawake wawili waliokuwa wamempangisha nyumba walimtaka ahame ndani ya mwezi mmoja. Mwaka 1870 Fabre alijikuta hana nyumba, hana akiba, na ana watoto wa kulisha. Aliiacha kazi ya ualimu wa serikali.

Aliyemwokoa ni mwanafalsafa wa Uingereza, John Stuart Mill, aliyekuwa akiishi Avignon karibu na kaburi la mkewe. Wawili hao walikuwa marafiki na walizoea kwenda pamoja kuchunguza mimea. Mill alimkopesha faranga 3,000 bila kumwandikisha hati yoyote, na Fabre akalilipa deni hilo lote.

Familia ilihamia mji wa Orange. Kwa takriban miaka tisa Fabre aliishi kwa kalamu yake, akiandika vitabu vya shule kuhusu ardhi, anga, mimea, wanyama na kemia. Vilisomwa kote Ufaransa, na kwa mara ya kwanza alijitegemea bila kumtegemea mwajiri.

Mwaka 1877 alipata pigo ambalo hakulisahau. Mwanawe Jules, kijana mwenye macho makali ya kuona maua na wadudu, aliyekuwa msaidizi na tumaini lake, alifariki dunia. Kitabu cha kwanza cha kazi yake kuu, Souvenirs entomologiques, yaani kumbukumbu za mtafiti wa wadudu, kilitoka mwaka 1879 kikiwa na simanzi hiyo. Nyigu kadhaa alioamini ni wageni kwa sayansi aliwapa jina la mwanawe.

Mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 55, Fabre alitimiza ndoto ya miaka 40. Alinunua nyumba yenye kiwanja cha takriban hekta moja katika kijiji cha Sérignan, karibu na Orange. Ardhi yake ilikuwa kavu, yenye mawe na miiba, isiyofaa kwa kilimo. Wenyeji waliita ardhi ya namna hiyo harmas, na jina hilo ndilo lililobaki kwa nyumba yake.

Kilichokuwa balaa kwa mkulima kilikuwa neema kwake. Nyigu, nyuki, buibui, vunjajungu na mbawakawa walijaa humo, na hapakuwa na mgambo wa kumhoji. Mke wake wa kwanza alifariki mwaka 1885, akaoa tena mwaka 1887 na kupata watoto wengine watatu. Watoto hao ndio waliokuwa wasaidizi wake, wakikusanya wadudu na kuzunguka na taa usiku.

Viwavi wa misonobari walikuwa miongoni mwa waliomshughulisha zaidi. Aliona kwamba kila kiwavi hutoa uzi mwembamba wa hariri anapotembea, na wenzake huuongeza uzi huo mpaka ukawa utepe wa kuwarudisha kiotani gizani. Aliona pia kwamba kiongozi wa msafara hana cheo. Ni yule tu aliyetokea kuwa mbele, na akiondolewa, anayefuata hushika nafasi yake bila tofauti.

Viwavi hao wana vinyoya vinavyowasha vibaya. Fabre alitaka kujua kuna nini ndani yake, hivyo aliloweka ngozi zao katika etha, akachukua kimiminika kilichopatikana na kukifunga juu ya mkono wake mwenyewe. Mkono ulivimba, ukatoka vidonda, na ukamsumbua kwa majuma. Yote hayo aliyaandika kwa utulivu, kana kwamba mkono ule ulikuwa wa mtu mwingine.

Jaribio lake lililokuja kuwa na uzito mkubwa zaidi kisayansi lilianza Mei 6 ya mwaka mmojawapo. Asubuhi hiyo nondo jike wa aina kubwa kuliko zote za Ulaya alitoka katika kifukofuko chake, na Fabre akamfunika kwa chandarua cha waya. Yapata saa tatu usiku mwanawe mdogo Paul alipiga kelele akiita watu. Chumba kilikuwa kimejaa nondo wakubwa kama ndege.

Fabre aliingia na mshumaa mkononi, akakuta nondo madume wakizunguka chandarua, wakipiga mabawa darini na kuuzima mwali. Usiku ule walifika karibu 40. Katika majioni manane walifika takriban 150, ilhali aina hiyo ilikuwa adimu sana katika eneo hilo. Walitoka mbali, gizani, na kufika moja kwa moja kwa jike mmoja aliyefichwa ndani ya nyumba.

Swali lilikuwa wanaarifiwa na nini. Kwa miaka kadhaa Fabre aliwakata wengine vipapasio, akamhamisha jike kutoka chumba hadi chumba, na kumfungia ndani ya masanduku. Sanduku lililozibwa vizuri lilikata mawasiliano, lakini penye upenyo hata mdogo madume walifika.

Kwa nondo wa aina nyingine alimweka jike ndani ya kioo kilichozibwa, mahali ambapo kila dume angemwona. Madume walimpita bila kumjali, wakaenda kujazana kwenye chombo cha mchanga alichokuwa amelala usiku uliotangulia. Jibu lilikuwa harufu, japo pua ya mwanadamu haikuweza kuinusa. Fabre mwenyewe alisitasita, kwani hakuelewa jinsi harufu kidogo hivyo ingeweza kufika mbali kiasi hicho.

Sayansi ilimjibu baadaye. Mwaka 1959 mkemia Mjerumani Adolf Butenandt alitangaza kwamba amefanikiwa kutenga kemikali ambayo nondo jike wa hariri huitoa kumwita dume. Leo harufu za aina hiyo hutengenezwa viwandani na kuwekwa katika mitego. Nchini Tanzania na Kenya mitego ya namna hiyo imetumika kuwanasa nondo wa viwavijeshi, ili wataalamu wajue mapema kama mahindi na malisho yako hatarini.

Si kila alichokihitimisha Fabre kilisimama. Aliwahi kuazima mizinga ya kijiji iliyotumika katika sherehe, akaifyatua chini ya miti iliyojaa nyenze. Nyenze waliendelea kulia kana kwamba hakuna kilichotokea, naye akadhani ni viziwi. Baadaye ilithibitika kwamba nyenze husikia, ila masikio yao yameundwa kwa sauti za wenzao.

Kadhalika, aliamini kwamba silika ya mdudu ni kamilifu na haibadiliki, na kwa sababu hiyo aliipinga nadharia ya Darwin hadi mwisho, ingawa wawili hao waliandikiana kwa heshima na Darwin alimpendekezea majaribio kuhusu jinsi nyuki wanavyoijua njia ya kurudi nyumbani. Mwaka 1898 watafiti wa Marekani, George na Elizabeth Peckham, walionyesha kwamba nyigu hawachomi kwa usahihi aliodhani Fabre. Wapo wanaokosea, na wapo wanaobadili mbinu. Waliomsahihisha walitumia njia ileile aliyoitumia yeye dhidi ya Dufour, yaani kwenda porini na kutazama.

Kitabu cha kumi na cha mwisho cha kumbukumbu zake kilitoka mwaka 1907. Wakati huo vitabu vyake vya shule vilikuwa havinunuliwi tena, na mzee huyo alikuwa amerudi katika dhiki. Aprili 1910 marafiki na wasomi walifika Sérignan kumfanyia sherehe ya heshima, na Ufaransa ikagundua kwamba mtu huyo alikuwa bado hai. Mwaka 1913 Rais Raymond Poincaré alifika kumsalimu nyumbani kwake.

Sifa hizo zilimkuta macho yamefifia na miguu imechoka. Fabre alifariki dunia Oktoba 11, 1915, akiwa na umri wa miaka 91, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza iliyokuwa ikiwamaliza vijana wa Ufaransa. Alizikwa Sérignan. Mwaka 1922 serikali iliinunua nyumba yake na kuiweka chini ya makumbusho ya taifa ya viumbe, pamoja na makusanyo yake na meza ndogo aliyoandikia.

Nje ya Ufaransa, hakuna nchi iliyompenda kama Japani, ambako tafsiri ya kitabu chake cha kwanza ilitoka mwaka 1922 na vizazi vya watoto wa shule vimekua vikisoma habari za mbawakawa na nyigu wake. Watoto hao hawahitaji chombo cha gharama kuyafuata aliyoyaandika. Wanahitaji mdudu, mahali pa kukaa, na muda wa kumtazama mpaka amalize anachokifanya.

Hicho ndicho alichokuwa nacho mwalimu wa Carpentras aliyelipwa faranga 700 kwa mwaka. Viwavi wake walizunguka chungu kwa siku saba kwa sababu kila mmoja alimfuata wa mbele yake. Yeye aliyewatazama alifika alikofika kwa sababu, alipoambiwa jambo na mtu mkubwa kuliko yeye, aliliheshimu, kisha akaenda kulitazama kwa macho yake mwenyewe.